Mondo na Wachuma Uyoga wa Busunzu

Mimi si mtu wa kuongea. Mama alipotafuta wa kumsaidia shangazi kuchuma uyoga Busunzu, nilikubali haraka. Msituni, niliwaza, nani atanisemesha?

Asubuhi niliondoka Heru Juu kwa bodaboda, kisha Kasulu nikapanda basi la Kibondo. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na vilima vimeanza kuota kijani.

Jioni, Busunzu, shangazi alinicheka. "Bado huna sauti tu? Kesho utaita, utake usitake." Akanieleza kwamba wachumaji huitana "huuu!" wasipoteane, na wanyama nao wakisikia hupisha. Jua likifika utosini, watu wote hutoka, wanyama, wenye msitu, wapate nafasi.

Kesho yake msitu ulijaa kama mnada. Wengine walitoka mbali kwa pikipiki, na Elia, jirani wa shangazi, alikuja na spika ikipiga muziki. Miito haikusikika. Jua likapita utosini, hakuna aliyetoka.

Ndipo Elia akaona watoto wawili wa mondo, yule paka wa porini mwenye madoa, wanalia kwenye nyasi. "Mama yao kawatupa, masikini. Nawapeleka nyumbani, watakula dagaa."

Nyuma ya kichuguu niliona masikio mawili marefu. Yalichomoza, spika ikanguruma, yakazama. Yakachomoza tena. Elia alikuwa ameshainama. Nikapaza sauti.

"Waache! Mama yao yule pale!"

Watu wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze.

"We dogo, unaota? Sioni kitu," alisema Elia.

"Zima hicho kidude kwanza," shangazi akamwambia. "Tutokeni."

"Na vikapu nusu?" mama mmoja alinung'unika, lakini akatoka.

Kutoka njiani tukatazama. Mondo alikuja tumbo likigusa nyasi, akamng'ata mtoto mmoja shingoni, akapotea naye. Wa pili alibaki analia peke yake. Pikipiki ikapita. Elia akanong'ona, "Ee Mungu, kaogopa. Harudi." Alirudi. Alisimama kidogo akitutazama, akambeba.

"Kumbe alikuwa anatungoja sisi," Elia alisema.

Nilipopanda basi la kurudi Kasulu, msimu ulikuwa haujaisha na watu bado wanamiminika. Mondo hawezi kuhama kila mwaka kwa ajili yetu. Watoto wake wako pale. Kupenda wanyama Elia alipenda, tena sana, na nusura awatenganishe watoto na mama yao. Mondo yule alichohitaji ni sisi tuondoke mapema.