Usishuke Mpaka Niseme

Asikudanganye mtu kwamba uwanda ni sawa kila mahali. Simama Njiru, ukingoni mwa Nairobi, pale nyumba za mabati zinapokwisha na nyasi zinapoanza, utaapa nchi yote imepigwa pasi hadi miguuni pa mlima Kilimambogo. Hakuna bonde wala kilima. Ng'ombe wa mbali unamwona mdogo kama punje ya harage, na hakuna kitu cha kumficha. Macho yatakuambia hapa hakuna juu wala chini. Haya, macho yana lao, na maji yana lao.

Asenath, mama yake Wandera, alikinunua kiwanja chake hapo kwa sababu ya huo usawa. Alikuwa Mnyala, mzaliwa wa nyanda za chini kule mto Nzoia unapoingia ziwani, na miaka mingi alikuwa ameishi Mukuru kwa Njenga akiuza supu ya vichwa vya mbuzi, ukuta mmoja na jirani, akisikia hata jirani akigeuka kitandani. Siku alipopelekwa kuonyeshwa Njiru alichutama, akaokota bonge la udongo mweusi, akalinusa. "Huu ni wa kwetu," akasema. Shauri likaisha hapo hapo, maana Asenath akiamua, ameamua.

Kilichompendeza zaidi ni tuta. Nyuma ya viwanja palikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa, shimo refu lenye kingo za mwamba. Waliochimba walikuwa wameuondoa kwanza udongo mweusi wa juu, wakautupa ukingoni, ukarundikana ukapita mapaa ya nyumba. Kiangazi kile tuta lilikuwa gumu kama jiwe, unapanda bila kuacha alama ya mguu. Wengine waliona uchafu wa machimbo. Asenath aliliona akashusha pumzi, akasema moyoni kwamba sasa hata maji yakija, wanawe wana pa kukimbilia.

Nawe usimcheke, maana ana yake. Kwao, maji ya Nzoia yalipofurika, watu walipanda tuta lililorundikwa na mababu, likashindiliwa kwa miguu na kushonwa kwa mizizi ya nyasi. Walikaa juu yake, wakapika juu yake, wakangoja. Miaka ya Uhuru, Asenath akiwa msichana, kaka yake Bwire alikuwa juu ya tuta hilo, salama salimini. Watu waliokuwa ndani ya mtumbwi wakampungia, wakamwita, "Shuka, kijana, tukuvushe!" Bwire akashuka. Akakanyaga pasipo na chini, na hawakumwona tena. Tangu siku hiyo nyumba yao ikawa na sheria moja: ukiwa juu ya tuta, hushuki kwa sauti ya mtu yeyote ila ya mama mwenye nyumba, tena awe amesimama chini ya tuta na kukunyoshea mkono.

Sheria hiyo Asenath aliihamisha na vyombo vyake hadi Njiru. Wandera alipooa, kabla bibi arusi hajaonyeshwa hata mahali pa kuanika nguo, alionyeshwa tuta. Huyo ni Millicent, msichana wa vilima vya Maragoli, ambako mvua ikinyesha maji yanashuka mbio na kwenda zake, hayajui kukaa. Mafuriko kwake yalikuwa habari za redioni. "Nani atakushusha?" Asenath alikuwa akimuuliza, hata wakiwa wanachambua mboga. "Ni wewe tu, Mama," Millicent alijibu. "Na wakikuita majirani?" "Sishuki." "Na akikuita askari?" "Sishuki, Mama." Alikuwa mkwe mtiifu, wa kujivunia kanisani.

Jirani yao Mutisya, mchonga vinyago, alijaribu kusema. Alikuwa amechunga ng'ombe tangu utotoni kwenye nyanda kavu za Ukambani, na udongo mweusi aliujua kwa nyayo. "Mama Wandera," alimwambia, "udongo huu ukikauka ni jiwe, ukilowa ni uji. Maji yakija usipande hapo. Njoo pale kwenye mishubiri, palipolala ng'ombe zamani." Asenath aliangalia alikoonyeshwa, akaona vichaka vichache vya shubiri katikati ya usawa mtupu. Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Yaani maji yaje, niache kilima nikimbilie uwanjani? Mkamba, mvua yenyewe kwenu mnaiona kwa nadra! Leo umfundishe Mnyala mafuriko?" Mutisya naye akacheka, kwa heshima. Mambo yakaishia hapo.

Mwaka wa tisini na saba ikaja ile mvua ambayo hata watoto waliijua kwa jina, Elnino. Udongo ukavimba. Nyufa za kiangazi zikafunga mdomo, milango ikagoma kufungika, vyoo vikajaa. Maji ya mvua yalikaa juu ya ardhi hayaendi popote, kama mgeni aliyekwisha kula. Wandera alikuwa kiwandani kule Industrial Area, akilala kwa rafiki Mukuru wiki nzima kwa sababu njia zilikuwa hazipitiki. Nyumbani wakabaki Asenath, Millicent na mtoto mchanga, Triza.

Sasa sikia ubaya wa uwanda. Siku yenyewe, Jumamosi, Njiru jua lilikuwa linawaka. Asenath aliamkia soko la nyama la Burma, mjini, kuchukua vichwa vya mbuzi, na mbingu ilikuwa nyeupe kama shuka. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, juu kule magharibi, Ngong na Limuru, usiku kucha. Na Nairobi yote, ujue, imeinama kuelekea mashariki. Kila tone linalomwagika kule juu linashuka, linapita mjini, linatafuta huku chini. Linafika mchana, watu wakianika nguo.

Asenath aliposhuka kituoni na gunia lake, alikuta watu wamesimama wakitazama upande mmoja. "Mathe, usiende huko!" kijana mmoja akampigia kelele. "Maji imejaa!" Nyasi zilikuwa zimetoweka. Uwanda wote ulikuwa unameremeta, na nyumba zimesimama ndani yake hadi kwenye madirisha. Na kule nyuma, juu ya tuta, aliona leso ya manjano. Ilikuwa ya Millicent, na mtoto mgongoni.

"Ahsante Mungu!" Asenath akasema kwa sauti. "Amepanda! Mwanangu amepanda!"

Kavinya, mke wa Mutisya, akaja mbio kutoka majini, amelowa hadi kifuani. "Mama Wandera, ndio umefika? Mutisya amemwita mpaka sauti imekauka. Hashuki! Anasema umemkataza."

"Kwa nini ashuke? Hapo ndipo pa kukaa!"

"Tazama vizuri," Kavinya akasema.

Akatazama. Upande wa tuta uliokuwa juu ya machimbo ulikuwa umepasuka mstari mweusi, na wakati anatazama, kipande chenye ukubwa wa chumba kikajitenga, kikateleza polepole, kikaingia shimoni. Millicent akasogea hatua mbili, akasimama tena wima. Asenath akaliachia gunia, vichwa vya mbuzi vikabingirika matopeni, wala hakuvitazama. Tuta alilolichagua yeye mwenyewe lilikuwa linamla mjukuu wake.

Akapiga kelele, "Millicent! Shuka!" Lakini maji yalikuwa yakimwagika machimboni kwa ngurumo, na sauti ikafia njiani. Akapunga mikono yote miwili. Kule juu Millicent akamwona mtu mdogo anapunga, mmoja katika wengi, na kupungiwa ndiko alikokatazwa. Hakutikisika. Loo, uchungu ulioje! Asenath alikuwa ameijenga ngome hiyo kwa mdomo wake, na sasa yeye mwenyewe alikuwa nje ya mlango.

Akashika njia ya kila siku, ile iliyonyooka hadi kwake. Hatua chache tu, mguu ukazama mpaka pajani, na udongo ukaubana. Kavinya akamdaka kwapani, akamvuta, kiatu kikabaki huko chini. "Njia iko chini kuliko nyasi!" Kavinya akamkaripia, bila adabu za ujirani. "Watu wameikanyaga ikawa mfereji. Tunazunguka!"

"Kuzunguka ni mbali! Tuta linaanguka!"

"Basi zama hapa, nani atamwita?"

Wakazunguka. Kavinya alimshika mkono akamwelekeza kwenye vichaka vya mishubiri vilivyochungulia majini, na kila walivyokwenda, Asenath aliona wanajitenga na tuta, akawa anapigana na miguu yake mwenyewe. Maji yalikuwa kiunoni. Yakawa magotini. Kisha, bila yeye kuona mwinuko wowote, yakawa kwenye kifundo cha mguu, na chini ya unyayo wake wa mguu mtupu akasikia changarawe, ngumu, imara. Alikuwa amepanda kilima ambacho macho yake yalikuwa yamekikana. Majirani walikuwa wamejaa hapo na kuku wao na magodoro yao, mahali pale pale alipopacheka.

Mutisya alikuwa mwisho wa mwinuko huo na boriti ndefu mkononi, uso mzima matope. "Nimekwenda hadi chini ya tuta," akasema, "huyo mkwe wako akanitupia mabonge ya udongo. Ana shabaha!" Hakuna aliyecheka. Kati yao na tuta palikuwa na ukanda wa maji ya kahawia, yanakwenda kasi. "Ni kifuani," Mutisya akamwambia. "Chini kuna mwamba mpaka nusu, halafu ni uji. Shika boriti. Usiiachie hata kidogo."

Kabla ya siku hiyo, Asenath alikuwa hajaingia kwenye maji ya mafuriko tangu siku ya Bwire. Hilo liandikwe pembeni ya jina lake, kwa sababu watu wa Njiru walimjua kwa ukali tu. Aliingia, mikono yote miwili kwenye boriti. Mutisya alikuwa mbele, Kavinya nyuma, na boriti katikati. Maji yakampanda kifuani, gauni likaelea. Mwamba ukaisha, miguu ikaanza kunyonywa, akaing'oa mmoja mmoja, mpaka akafika chini ya tuta akainua uso.

Millicent alikuwa amechutama juu, amemhamishia mtoto kifuani. Midomo yake ilikuwa myeupe. Alipomwona mama mkwe wake alikodoa macho tu akingoja. Asenath akanyosha mkono. Akafungua kinywa, na neno likakwama. Alimwona Bwire hapo juu, na fulana yake iliyotoboka begani, akicheka kwa sababu ameitwa mtumbwini. Maisha yake yote Asenath hakuwahi kumwambia mtu aliye juu ya tuta neno hilo moja. Je, akikanyaga pasipo na chini?

"Mama Wandera," Mutisya akasema kwa sauti ya chini, "linatembea."

"Shuka!" Asenath akalia. "Millicent, ni mimi! Mimi mwenyewe! Shuka, mwanangu, shuka!"

Hapo hapo Millicent akakaa kitako, akajiachia. Alikuja akiteleza na tope lote, kichwa cha mtoto amekifunika kwa kiganja, akamgonga Asenath kifuani wote wakaenda chini ya maji. Asenath alishika alichokishika, ikawa ni leso, na ndani ya leso mlikuwa na mguu mdogo unaopiga teke. Hakuuachia. Mutisya akavuta boriti, Kavinya akavuta nywele, gauni, chochote, wakaburuzana hadi kwenye mwamba. Walipofika kwenye mishubiri, tuta likainama upande wa machimbo, likaenda lote, na wimbi la maji machafu likaja likawapiga magotini likarudi.

Triza akakohoa, akatapika maji, akaanza kulia. Kilio kizuri kama hicho Asenath alikuwa hajakisikia.

Wakakaa kwenye changarawe katikati ya kuku. Jua lilikuwa bado linawaka. Asenath alingoja kulaumiwa, tena alitaka alaumiwe. Alimtazama Mutisya, lakini Mutisya alikuwa anakamua shati lake tu. Kisha akamgeukia Millicent aliyekuwa anamnyonyesha mtoto.

"Mwanangu, ulikuwa hujui kwamba linaanguka?"

"Nilijua, Mama. Nilikuwa nalisikia chini ya miguu, linatembea. Tangu nilipopanda."

"Ulijua?" Asenath akashika kifua. "Na Mutisya akaja, ukamtupia udongo, na ulijua?"

"Ulisema nisishuke mpaka wewe useme. Na nilijua utakuja."

Asenath alikuwa na maneno mengi lakini yote yalikuwa ya zamani, ya mto mwingine na udongo mwingine. Akamshika Millicent mashavu yote mawili kwa mikono yenye matope.

"Sikiliza. Kuanzia leo, miguu yako ikikuambia ondoka, ondoka. Usiningoje mimi. Umesikia? Usiningoje mimi!"

"Ndiyo, Mama," Millicent akasema, kwa sauti ile ile ya utiifu aliyozoea kuijibia wakichambua mboga, na hapo ndipo Asenath alipoanza kulia.