Nyumba Iliyowekwa Rehani Nasi Tukiwa Ndani

Watu wa siku hizi wakisikia nyumba waliyopanga inauzwa kwa deni, la kwanza wanalofanya ni kufunga virago. Huo ni ujinga, na nina haki ya kuuita ujinga kwa sababu nusura niufanye mwenyewe. Mkeka nilishaukunja.

Ilikuwa Morogoro, miaka ile ya foleni, sabuni na sukari vikitoka kwa mgawo. Nilikuwa mjane mwenye watoto wawili, nimepanga chumba cha mbele katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Barazani niliuza njegere, karoti na kabichi kutoka shamba la mama yangu huko juu Uluguru. Kwetu shamba ni la ukoo, tena wa upande wa mama, na mtu akitaka kuliweka rehani wajomba watamkalisha chini mpaka akili imrudie. Kwa hiyo sikujua kwamba mtu mmoja, kwa mkono wake mmoja, anaweza kuweka rehani nyumba yenye watu ndani, nao wakahesabiwa kama masufuria.

Mwenye nyumba alikuwa mzee wa heshima zake, mtaa mzima tulimwita Baba Mkubwa. Kodi alikuja kuichukua mwenyewe, anaketi kwenye kigoda changu, anauliza hali ya watoto, anapokea mkono kwa mkono. Risiti hakuna aliyeidai. Kumdai mzee kama yule risiti ilikuwa sawa na kumwita mwizi mbele ya wanawe. Tukaona tuna adabu. Kumbe tulikuwa tunajifunga kitanzi kwa adabu zetu.

Kiangazi kimoja akatukusanya uani. "Wanangu, lori langu limekwama, matairi hayapatikani. Nipeni kodi ya mwaka mzima, nami sitawapandishia." Tukatoa, wote. Mimi niliuza mbuzi wangu wawili waliokuwa Mlali kwa dada yangu. Lile lori lilikuwa la mkopo wa benki, na dhamana ya mkopo ilikuwa paa lililokuwa juu ya vichwa vyetu. Hilo hakulisema. Alikula kodi ya mwaka akijua nyumba inamponyoka.

Baada ya miezi minne tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Baba Mkubwa akasema ni watu wa malaria, watakuja kupuliza dawa. Wenzangu wakaridhika. Lakini mimi nilikuwa nakwenda kisomo cha watu wazima, na herufi kubwa nilishazimudu. Nikasimama pale na ungo wa njegere kichwani, nikaunga silabi moja baada ya nyingine mpaka neno likatoka. Mnada.

Mke wa jirani yangu alikuwa anafagia ukumbi. "Malaria wanapuliza lini?" akaniuliza.

"Hawapulizi, mwenzangu. Wanatuuza."

Nikaenda kwake Baba Mkubwa, nyumba ya tatu kutoka yetu. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama nimemletea mboga.

"Nimekuja kuuliza ile karatasi."

"Karatasi ni mambo ya wanaume. Hicho kisomo kinawaharibu."

"Baba Mkubwa, umechukua kodi yetu ya mwaka."

"Nyumba ni yangu, deni ni langu. Ninyi ni wapangaji, leo hapa, kesho pale. Mna nini cha kupoteza?"

Mpaka leo nikilikumbuka lile swali damu inachemka. Mjini wakati ule mtu asiye na makazi na asiye na kazi ya kuandikiwa alikuwa anapakiwa kwenye lori kwenda kulima kijijini. Na kuuza njegere barazani hakukuhesabiwa kazi, hata uamke na majogoo. Mgambo walikuwa wanauliza maneno mawili tu, unaishi wapi na unafanya nini. Nikikosa chumba, nimekosa jibu la kwanza, na la pili sikuwa nalo tangu zamani. Binti yangu mkubwa alikuwa darasa la saba, mtihani uko mlangoni. Hicho ndicho nilichokuwa nacho cha kupoteza.

Wiki haikuisha, dalali akaja na mtu wake wa kuandika. Shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Hakusalimu. "Siku saba," akasema, "vyumba viwe vitupu. Mnunuzi hataki nyumba yenye watu."

Jirani yangu, yule mume wa mama aliyekuwa anafagia, alifanya kazi kiwandani Mzinga. Mtu wa kujua mambo, ana redio. Yeye ndiye aliyetutia hofu kuliko dalali. "Serikali ikisema toka, unatoka," akatuambia. Kesho yake akampa dalali ufunguo kwa mikono miwili, kama anayetoa zawadi, akahamia kwa mfanyakazi mwenzake. Kumwona vile, nami nikakunja mkeka, nikafunga vyombo kwenye kanga.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mama wa makamo, mnene, sauti kama kengele ya parokia. Akanikuta kizingitini nimekalia furushi.

"Nani kakutoa?"

"Dalali."

"Dalali ni hakimu?"

"Sijui."

"Hujui, na vyombo umeshafunga. Ungejua ungekuwa umeshafika Ngerengere." Akalipiga teke furushi langu. "Fungua. Kesho tunakwenda mahakamani kuuliza. Kuuliza hakuna ushuru."

Tukaenda kwa miguu, yeye, mimi na wapangaji watatu. Karani wa mahakama alikuwa kijana mpole aliyechoka. Akatusikiliza, akasema mnada unauza nyumba, hauwatoi watu. Kumtoa mpangaji kunahitaji amri ya hakimu. Akatukataza kumpa dalali hata senti, na akatukataza kuondoka, kwa sababu aliyetoka kwa miguu yake sheria haina namna ya kumrudisha. Kisha akanyoosha mkono. "Leteni mikataba au risiti."

Tukatazamana kama mbuzi kwenye mvua.

"Hamna mkataba, hamna risiti. Mna nini kinachoonyesha ninyi ni wapangaji, hamkuvamia?"

Hapo balozi akaingiza mkono ndani ya kanga yake akatoa daftari, limekunjika, lina alama za vidole vya mafuta. Lilikuwa daftari la mgawo wa sukari. Kila mwezi mwenye nyumba alitakiwa kumtajia balozi wapangaji wake, chumba kwa chumba, vichwa vingapi, na kutia sahihi, ndipo kibali cha duka kitoke. Baba Mkubwa hakukosa hata mwezi mmoja. Chumba changu cha watu watatu alikiandika watu saba. Sukari ya hao wanne wasiokuwepo alikuwa anainywa yeye. Karani akasoma, akafunika mdomo kwa mkono, akalichukua daftari kwenda kwa hakimu.

Tuliitwa siku ya tano. Baba Mkubwa alikuwepo, amevaa koti. Sahihi hakuweza kuzikana. Hakimu akamuuliza, "Na kodi, wamekulipa?"

Mzee akakohoa. "Walinipa kitu kidogo."

Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kugusana mabega, na asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, sikuwa nimempa shikamoo. Wenzangu nao walikuwa wamempita kimya, mmoja mmoja, pale mlangoni. Kwetu mzee kupitwa hivyo ni kama kuvuliwa nguo. Nikamgeukia nikasema, "Mbuzi wangu wawili ni kitu kidogo? Sema tena, hakimu aandike."

Akasema kwa sauti ya chini kwamba tumelipa mwaka mzima, miezi minane imebaki.

Hakimu akaandika. Wapangaji wasiguswe mpaka miezi yao iishe, na baada ya hapo walipe kwa mwenye nyumba mpya. Dalali atangaze hivyo kabla ya mtu kutaja bei. Basi. Mambo yaliyoninyima usingizi yalikaa kwenye karatasi isiyozidi kiganja.

Wa Mzinga aliposikia alirudi mbio na mkewe na redio yake. Akakuta chumba kina kufuli la dalali. Akaenda kwa karani, akaulizwa nani alimtoa, akakosa jina la kutaja. Kodi yake ya mwaka ikaenda na maji. Namhurumia mkewe. Yeye simhurumii, maana alijua kusoma kuliko sisi sote na ile karatasi mlangoni hakuisoma mpaka mwisho.

Siku ya mnada watu walijaa mpaka barabarani. Wanunuzi wakawa wanapita vyumbani, wanagonga kuta, wanatazama mabati. Bwana mmoja mwenye tumbo akafika uani akanikuta nachochea maharage, binti yangu kaegemea ukuta na daftari zake za shule.

"Na hawa?" akamuuliza dalali.

Dalali akakunja uso, akatoa ile karatasi ya hakimu. "Hawa wamo," akasema. "Ukiinunua, unainunua nao."

Bwana yule akanitazama akingoja labda nisimame nimpishe. Maharage yalikuwa yanataka maji. Nikayaongeza.