Siku Tuliposhukuru Kimya Kimya

Mwenzangu alianza kazi majira ya baridi, huku ughaibuni, kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Moseley, nilikokuwa dobi. Alitoka Pakistani, alikuwa Mkristo, na alikuja na binti yake mdogo. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini kukunja mashuka hakuhitaji maneno mengi. Aliniita baji, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao.

Kwa miezi mingi sikujua habari za mume wake. Sisi tuliotoka Kivu, mtu akinyamaza kuhusu mumewe, hatumwulizi. Siku moja, mashine zikiwa zinazunguka, akasema bila kunitazama, "Baji, mume wangu yuko gerezani. Wanaweza kumnyonga."

"Kamuua nani?"

"Hajaua mtu. Wanasema amemtukana Mtume."

Alinieleza kidogo kidogo, siku baada ya siku. Mumewe alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Alizozana na jirani juu ya ukuta uliotenganisha nyumba zao, ugomvi wa kawaida kabisa. Kesho yake jirani akaenda kusema kwamba katika ule ugomvi alitamka neno baya juu ya Mtume. Kufikia mchana watu walikuwa wamejaa mtaani. Polisi walimchukua, na mkewe aliamini kwamba wasingemchukua angeuawa palepale mlangoni. Yeye na mtoto walijificha kwa ndugu, wakahamia mji mwingine, mwishowe wakafika huku.

"Neno gani hilo wanasema alilisema?" nilimwuliza.

"Sijui. Hakuna anayelirudia. Anayelirudia anaogopa kwamba naye atashtakiwa."

Mimi nilikimbia vita. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nilikimbia watu wenye bunduki. Lakini mtu kungoja kitanzi kwa neno ambalo hata mkewe hajaambiwa ni lipi, hilo nilirudi nalo nyumbani nikashindwa kula.

Mpishi wetu alikuwa mama wa Kisomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, Mwislamu wa swala tano. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, yeye cha kwao na mimi cha kwetu, huku tukichekana. Kila alipoleta aproni chafu kwenye chumba cha kufulia, mwenzangu aliacha alichokuwa akifanya na kusogea mpaka mgongo wake uguse ukuta. Mpishi aliliona hilo.

"Huyu mama ananiogopa?" aliniuliza. "Kwani nimemkosea wapi?"

Nilimwomba mwenzangu ruhusa nimweleze. Alifikiri kutwa nzima, kisha akakubali. Mpishi alinisikiliza akiwa ameshika mwiko, chakula kikaanza kushika chini ya sufuria.

"Mimi nampenda Mtume kuliko mamangu mzazi," alisema. "Mtu akimtusi itaniuma, siwezi kukudanganya. Lakini kumnyonga fundi wa rangi juu ya maneno ya jirani? Wallahi, mimi siwezi kubeba hiyo."

Tangu siku hiyo hakuingia kwetu kimya tena. Akiwa bado koridoni alipaza sauti, "Ni mimi, mpishi!" kisha akangoja aitikiwe.

Habari zilikuja mchana, tukiwa kazini. Wakili alipiga simu kusema kwamba mahakama ya rufaa imefuta hukumu ya kifo na kumwachia mumewe. Mwenzangu aliketi sakafuni, katikati ya mataulo. Mimi nikapiga kelele, "Haleluya!" naye akaruka akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Baji, tafadhali. Wakijua siku anayotoka, watamngojea nje ya lango."

Basi ikabidi iwe siri. Hata ndugu zake waliambiwa wasicheke barabarani.

Jumapili iliyofuata mwenzangu alitaka kumshukuru Mungu katika kanisa letu la Handsworth, ukumbi tunaoukodi jirani na Soho Road, lakini bila kutangazwa. Pasta alinong'ona, "Mama, sisi Wakongomani tutashukuru namna gani bila ngoma?" Mpishi naye aliposikia aliomba kuja. Nilipomfikishia mwenzangu ombi hilo, alimaliza kwanza kukunja shuka alilolishika.

"Aje," akasema. "Ila asikae nyuma yangu."

Nilisikia vibaya kuyapeleka maneno hayo. Mpishi aliinamisha kichwa kidogo. "Sawa. Nitakaa mbele, aweze kuniona."

Akakaa mstari wa kwanza, na hijabu yake, mikono juu ya magoti. Pasta alisema tu kwamba mmoja wetu amepata neema, tusimame. Tukasimama kimya. Mtoto wa mtu alilia akabebwa nje. Mwenzangu hakufumba macho. Alitazama mgongo wa mpishi kutoka mwanzo hadi amina, machozi yakimtiririka.

Baadaye, penye meza ya chai, mpishi alimwambia, "Pole kwa yote yaliyowapata." Hawakukumbatiana. Walishikana mikono, na hakuna aliyeharakisha kuuachia wa mwenzake.

Mumewe alitolewa gerezani kwa siri, akahamishwa nyumba hadi nyumba, kisha akavushwa mpaka. Anaishi nchi ambayo mkewe haitaji, huku mke na binti wakingoja kibali cha kuungana naye. Wanazungumza kwa simu. Binti anajibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku, na mama anamtafsiria baba yake.

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tunaimba, mlango ukiwa wazi na ngoma zinapigwa kwa nguvu, nilimwona mwenzangu akimpigia mumewe na kuinua simu juu ya kichwa chake ili naye asikie. Kisha akaishusha upesi na kuikata.

"Hajapenda?" nilimwuliza.

"Amependa sana. Alikuwa analia," akasema. "Lakini ameomba nikate. Chumba cha pili huko kwake kuna watu."