Makopo ya Dawa Juu ya Majani ya Migomba

Rosina Kundal alitokeza nyuma ya mivinje akiwa na matope hadi magotini, akauona uwanja, akaganda. Makopo ya dawa yalikuwa yamepangwa juu ya majani ya migomba, mafungu saba, kila fungu na miwa yake na paja lake la nguruwe.

Hakuyaamini macho yake. Alikuwa ameshuka siku mbili tu kwenye makazi ya kando ya barabara kuu kupima wajawazito, na nyuma yake gari la wilaya likaleta maboksi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aliyoyangoja tangu Krismasi. Wafadhili walikuwa wamepunguza fedha. Daktari wa mkoa alimwambia kwenye simu: mwaka huu ni makopo mia mbili na kumi, Rosina, peleka palipo na wagonjwa, usipoteze hata moja. Wagonjwa wake walikuwa sabini, karibu wote kule barabarani, na kopo moja ni la mwezi mmoja. Miezi mitatu, basi.

"Nani kafanya hivi?" alimuuliza bibi aliyekaa pembeni akitafuna popoo.

"Mwenyekiti wa kamati. Shemeji yako Rumbi. Kila ukoo thelathini, kila nyumba kopo moja. Mbona umekunja uso? Si na nyie mmepata?"

Tusiwacheke haraka. Katika bonde hilo la Wahgi, kila kitokacho nje hugawanywa uwanjani mbele ya macho ya wote: nguruwe, mchele, mabati ya wagombea. Mwaka mmoja ukoo ulisahauliwa kwenye samaki wa kopo, na mashamba matatu ya kahawa yakafyekwa usiku mmoja, kisha mishale ikaruka. Watu waliozika vijana wao kwa sababu ya samaki hawafanyi mzaha na mgawo. Lakini nyama ni nyama na dawa ni dawa, na mimi hadi leo nikiyafikiria yale majani ya migomba nasikia baridi mgongoni.

Rosina alivuka uwanja, jambo ambalo mwanamke halifanyi, hadi aliposimama Rumbi na manyoya yake ya sherehe kichwani.

"Shemeji, koo za mlimani nimezipima zote. Hakuna mgonjwa hata mmoja."

"Umempima kila mtu?"

"Kila aliyekubali."

"Basi nyamaza. Ukianza kuchagua huyu apewe na huyu anyimwe, kesho tunakusanya mishale."

"Rosina anataka paja lote peke yake," mtu akadakia, na uwanja mzima ukacheka.

Hakuna aliyejua kwamba kwenye mfuko wake wa kusuka, ule ulioning'inia kutoka utosini, Rosina alikuwa na kopo lake mwenyewe, na ndani yake vidonge kumi na sita. Yeye pia alikuwa mmoja wa wale sabini. Mumewe, binamu yake Rumbi, alikufa kabla dawa haijafika bondeni. Ilipofika, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kukaa mchana kweupe kwenye benchi la zahanati, watu wakipita wanatema popoo karibu na miguu yake. Alikaa mwezi, miwili. Wa tatu, mwanamke mwingine akaja kukaa ubavuni mwake. Hivyo ndivyo alivyoipata kazi: mganga wa zahanati alisema benchi lile bila Rosina ni ubao tu.

Sasa aliwaza: watu wa barabarani wamepata fungu moja tu, makopo thelathini kwa watu sabini. Hata nusu ya mwezi haifiki. Akapanda mlima.

Wiki nzima alitembea nyumba kwa nyumba, na kila alikoingia alishtuka upya. Makopo yalikuwa yametundikwa kwenye nguzo pamoja na mataya ya nguruwe, hayajafunguliwa, kama heshima ya nyumba. Mzee mmoja alikuwa akilitikisa lake kumbembelezea mjukuu.

"Nirudishe?" aliuliza mzee huyo. "Ili jirani abaki na lake, mimi nionekane sina?"

Rosina akatoa kopo lake na kulitikisa. Lililia kidogo sana.

"Baba, hizi ni zangu. Zimebaki kumi na tatu. Zikiisha nisipate nyingine, iko siku mtanizika. Mimi mjane wa ukoo mkubwa. Mtachinja nguruwe wangapi?"

Mzee akatazama zizi lake. Akatazama kopo. Akamwekea Rosina lake mkononi, na jioni hiyo jirani zake wanne walishuka wenyewe na makopo yao mikononi. Habari ya nguruwe ilikimbia mlimani kwa kasi kuliko miguu ya Rosina.

Siku ya saba alikuwa na yote isipokuwa moja, na karatasi nyeupe ya kuziba chini ya kila kifuniko ilikuwa nzima. Lililobaki lilikuwa la Rumbi.

Alimkuta uani. Hatua chache nyuma yake Maku, mke wake mdogo mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa akimenya viazi vitamu. Rumbi aliingia ndani, akakaa sana huko, akatoka na kopo. Rosina alipolifungua, karatasi haikuwepo. Akamimina vidonge kwenye kiganja, akahesabu. Ishirini na tatu. Vimetoka saba, kwa siku saba.

Akafumba kiganja.

"Nani anameza?"

Rumbi alitazama chini. "Mimi."

"Tangu lini unajua?"

"Mwaka juzi. Nilipimwa mjini." Alishusha sauti. "Ningekujaje kwenye benchi lako, Rosina? Mimi, koo saba zikinitazama? Nilisema kila nyumba ikiwa nalo, nani ataliuliza la kwangu?"

Rosina aliketi palepale kwenye tope. Makopo mia mbili na kumi, watu sabini, ili kufunika kopo moja ambalo angempa kwa kunong'onezwa tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alikuwa tayari kifo kianze na wengine. Ndipo aliposikia kwamba kisu cha kumenyea kimenyamaza.

"Kumbe," alisema Maku. "Kumbe ndiyo sababu ulinikataza kushuka kupimwa."

"Maku, tutaongea. Kesho nitakupeleka mwenyewe."

"Mwaka juzi, umesema."

Rosina alivirudisha vidonge ndani ya kopo, akalifunga, akamwekea mkononi.

"Hili baki nalo. Usiruke siku. La mwezi ujao utalifuata benchini, mchana."

Maku alijifuta mikono, akaiweka kamba ya mfuko wake utosini, na mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Dada, hilo benchi liko mbali?"

"Kwa mwendo wako, saa mbili."

"Twende."

"Viazi je?" Rumbi aliita. "Nani atapika?"

Maku alikuwa ameshafika kwenye ua, anatafuta pa kukanyaga kwenye utelezi. Hakugeuka.