Ndugu Hakuna, na Mkwe Je?

Juzi nilikuwa katika ofisi moja ya serikali hapa Nakuru, nikingoja leseni ya baiskeli, nikaona wenye hoteli watatu wameketishwa mezani. Serikali imewateua wapime maombi ya wenzao wanaotaka kufungua hoteli.

Karani akawauliza, "Kuna mwenye ndugu kati ya waombaji? Aseme sasa, atoke."

"Hakuna!" wakajibu pamoja, upesi mno kwa masikio yangu.

Mwombaji wa kwanza, mtu wa Elburgon, akaingia kifua mbele. Alipomwona mzee aliyeketi katikati, akavua kofia, akatazama sakafu.

"Kaa," karani akamwambia.

"Nitasimama tu, bwana. Siwezi kukaa mbele ya baba mkwe."

Karani akamgeukia mzee. "Si umesema hakuna?"

"Umeuliza ndugu," mzee akajibu bila kupepesa. "Huyu ameoa binti yangu tu."

Tu! Siku ya harusi, naapa, waliitana ndugu mpaka lori la kwenda harusini likajaa.

Nikawatupia jicho wale wawili waliobaki. Walikuwa wameinama chini ya meza, eti wanafunga kamba za viatu. Mmoja alikuwa amevaa makubadhi.