Bia ya Baba Chini ya Kitanda

Juzi mpwa wangu aliniita nikamtazame anavyotengeneza bia nyumbani kwake. Nilimkuta jikoni na kopo, ndoo nyeupe na mpira mrefu wa kuhamishia bia, anasoma maelekezo kwa sauti kama hakimu anayesoma hukumu. Nilicheka mpaka nikaomba kiti. Si kwamba alikuwa amekosea. Kopo kama lile nilishawahi kuliona, miaka ile ya Ujamaa, kwenye nyumba tuliyopanga Kariakoo, na nusura lituache bila pa kulala.

Nyumba yenyewe ilikuwa na korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wa saruji wenye bomba moja na majiko ya mkaa ya akina mama. Asubuhi uani kulinuka mafuta ya taa na tui la nazi. Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane wa Kizaramo, mtu wa swala tano, aliyeuza maandazi na achari barazani. Alipotupangisha chumba alimpa baba sharti moja.

"Kanisani nenda, sikukatazi. Lakini pombe isivuke kizingiti changu. Siku ikivuka kuingia, na wewe unavuka kutoka."

Baba, Mngoni wa Songea, alikubali upesi, maana vyumba mjini vilikuwa vya kugombania.

Mambo yaliharibika mama alipojifungua mdogo wangu. Kwa furaha, baba aliwatangazia wenzake wa ofisini, pamoja na bosi wao, kwamba siku ya ubatizo watakunywa bia. Sasa bia siku zile, ndugu yangu, ilihitaji kimemo cha mkubwa au shemeji kiwandani, na baba hakuwa na kimojawapo. Siku zikakaribia, akaanza kusukuma sahani bila kumaliza. Ndipo mjomba wangu baharia alipotoka Ulaya na zawadi: kopo kubwa na kipakiti cha hamira. Wazungu, alisema, wanajipikia bia wenyewe majumbani.

Mama alilitazama lile kopo. "Baba watoto, hii si ndiyo pombe?"

"Hii ni kimea tu. Pombe ni baadaye."

"Na hapo baadaye itakuwa imeshavuka kizingiti."

Baba akamjibu kwa Kiswahili cha ofisini kwamba suala hilo litashughulikiwa litakapojitokeza.

Mama alikuwa na kichanga, kwa hiyo mshirika wa baba nikawa mimi, msichana wa darasa la nne. Tulifunga mlango, tukafungua kopo. Ndani mlikuwa na kitu cheusi, kizito, kinachovutika kama asali na kunukia mkate ulioungua kidogo. Nililamba mwiko: utamu kwanza, kisha uchungu ukabaki kwenye ulimi. Tulikikoroga na maji ya moto, tukamimina sukari yetu yote ya mgawo, kwenye ndoo ya nepi ambayo nilikuwa nimeisugua kwa majivu mpaka viganja vikachubuka. Yalipopoa, baba akanyunyiza hamira juu, akafanya ishara ya msalaba.

Maelekezo yalitaka ndoo ikae mahali pa joto. Aliyeyaandika alikuwa kwenye baridi yake huko. Baba, mtu wa kutii maandishi, akaiweka kando ya jiko la mkaa, Dar es Salaam, mwezi wa Februari. Kesho yake ndoo ilikuwa inaongea, bwaku, bwaku, na harufu imeshafika koridoni. Bibi mwenye nyumba akasimama mlangoni.

"Mama mtoto, mnaumua nini?"

"Shikamoo, bibi. Maandazi."

"Marahaba. Haya, nitayaonja."

Ikabidi yapikwe kweli, na sukari yote iko ndooni. Mama alimpelekea sahani ya maandazi yasiyo na sukari. Bibi alimega moja, akatafuna kwa muda mrefu, akasema, "Mtoto akilia sana usiku mama husahau mengi," akairudisha sahani.

Povu lilipotulia tukaijaza bia kwenye chupa nilizookota na kuziosha. Vizibo vilikuwa vya zamani. Tulivigonga upya kwa nyundo, tukavikaza kwa waya. Kila chupa ilihitaji kijiko cha chai cha sukari. Mama akaenda kukopa sukari kwa jirani. Baba akaona kijiko cha chai ni ubahili wa Kizungu, akatumia cha kulia wali. Chupa zikalazwa chini ya kitanda.

Na nchi ilikuwa vitani, kule Kagera, na adui tulimwita Nduli. Shuleni tulifundishwa: ukisikia mlipuko, lala kifudifudi, acha mdomo wazi.

Jumamosi, kesho yake ndiyo ubatizo, jua lilikuwa kali. Mama alikuwa uani na mtoto mgongoni akichagua mchele, bibi anakuna nazi, baba anapiga pasi suruali ya kanisani. Pwaa! Kisha pwaa, pwaa!

"Nduli kaingia!" mtu akapiga kelele koridoni.

Nililala kifudifudi, mdomo wazi, kama nilivyofundishwa. Bibi alijitupa chini na kifuu chake mkononi, anatoa shahada. Mama alichuchumaa nyuma ya pipa la maji. Baba peke yake alibaki wima na pasi yake, uso wa mtu anayemjua adui.

Milipuko ilipokoma, povu likatoka polepole chini ya mlango wetu, likafuata korido, likamwagikia uani mpaka karibu na pua ya bibi. Akainua kichwa, akanusa.

"Baba mtoto," alisema, bado amelala. "Hili bomu linanuka."

Balozi wa nyumba kumi alikuwa ameshaingia na mgambo wawili wenye marungu. Kupika pombe bila kibali ilikuwa kesi, na karani kama baba akipata kesi hana kazi. Nilimwona baba akiiweka pasi chini na kunyoosha mikono yake kidogo, kama anayejiandaa kufungwa pingu.

Bibi akasimama, akajifunga kanga upya.

"Siki yangu ya achari hiyo," alisema. "Imepasua chupa kwa joto."

Balozi alinusa. "Siki gani inanuka hivi, bibi?"

"Wewe umetengeneza achari lini? Nitolee hao watu na viatu vyao, nina swala."

Wakatoka.

Tulijua sasa ni zamu yetu. Baba alianza kuomba msamaha, bibi akamnyamazisha kwa kiganja. Alimpa ndoo na brashi, akamsugulisha korido nzima, ua na baraza, mbele ya wapangaji wote, huku akimwonyesha kwa kidole pale alipoacha. Kisha mama akamuuliza kwa nini ametuokoa.

"Sikuiokoa pombe," alisema. "Mtoto abatizwe kesho, baba yake yuko rumande?"

Ubatizo ulipita kwa maji ya ukwaju. Bosi alikunywa glasi mbili na kusifia. Chupa moja ya bia iliyobaki nzima baba aliifungua uani kwa jirani. Povu likaruka ukutani, kikabaki kifuniko kimoja cha kuonja. Alionja, akatafakari, akasema, "Bado changa."

Siku hizi pale pamesimama ghorofa la maduka ya simu, na bibi alishatangulia, Mungu amrehemu. Mimi naishi kwenye jengo lenye lifti. Jirani yangu nakijua kikohozi chake kupitia ukutani, jina lake silijui. Kitu kikilipuka kwangu leo, najua atafunga dirisha. Hatanidanganyia mtu, wala hatanipa brashi nisugue sakafu yake. Na kati ya hayo mawili, sijui hata ni lipi ninalolikosa zaidi.