Paka Aliyeitwa Sijaomba Chumvi

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni Kashaulili nikichagua mchele. Mjukuu wake aliniambia kwa haraka kwamba bibi ametutoka, na mazishi ni kesho kule Litapunga. Nilikwenda. Nikakaa mkekani na kina mama wenzangu, nikasikiliza wasifu wake ukisomwa, na msomaji akasema marehemu alikuwa mama mpole, mnyamavu, asiyegombana na mtu. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua, msibani huwa nafunga mdomo, na siku ile niliufunga. Hapa siufungi. Marehemu alikuwa jirani yangu miaka ya sabini, na unyamavu huo aliopewa kaburini hakuwahi kuwa nao hata siku moja. Nakataa azikwe na sifa za mtu mwingine.

Tulijuana wakati wa kuhamia vijijini. Tuliokuwa tumetawanyika, kila mji na shamba lake, tuliambiwa tukae pamoja, na lori likaja kutubeba na vyungu vyetu. Mimi nilikuwa mke mgeni mwenye mtoto mchanga mgongoni. Kwetu ilikuwa desturi kwamba paka ni wa nyumba, si wa mtu. Unahama na kuku, unahama na mbuzi, lakini paka unamwacha kwenye jiko lake, maana ukimhamisha anakuja na mikosi. Basi sote tuliwaacha, wakabaki vizingitini wakitutazama. Yeye peke yake, mjane asiye na wa kumsemea, alikuja na tenga lililofunikwa kwa khanga, na ndani yake paka jike na watoto wake. Msimamizi wa lori akamwambia, "Mama, gari hili ni la watu, si la paka." Akajibu, "Basi beba watu." Akajitwika tenga lake, akaenda kwa miguu. Alifika kesho yake, vumbi mpaka magotini, na wala hakutaka kupewa pole.

Sasa majina ya hao paka. Huku kwetu mtu akiwa na neno na majirani, hampigi mtu wala haendi barazani kushitaki, anampa mnyama wake jina. Paka jike aliitwa Haiwahusu. Mwanawe mmoja aliitwa Mtachoka. Wa mwisho, mwenye doa jeusi puani, alikuwa Sijaomba Chumvi, kwa sababu jirani yangu alipofiwa na mume, mashemeji walitangaza kwamba masika hayataisha kabla hajaanza kupita milangoni kwa watu akiomba chumvi. Jioni akitoka nje kuwaita, kijiji kizima kilisikia: "Sijaomba Chumvi! Njoo ule!" Mashemeji walikuwa nyumba ya pili, wameinamia ugali wao. Mimi nilikuwa nacheka mpaka mtoto anaamka.

Kicheko kilikatika panya walipotuvamia. Mahindi tulikuwa tumeyarundika ndani, na paka wetu wote tumewaacha mahameni kwa mikono yetu wenyewe. Panya walikula mbegu, wakatafuna ngozi za kulalia, kisha wakaanza kung'ata watoto wakiwa usingizini. Mwanangu walimng'ata kisigino. Nilikwenda kwa jirani nikilia, naye akaja na Haiwahusu, akamweka ukingoni mwa mkeka wa mtoto. "Mwache hapo, mwanangu," aliniambia. "Huyu hana maneno mengi." Tangu siku hiyo hakuna panya aliyemgusa mtoto wangu. Hata mume wangu akitaka kumbeba, paka alinguruma kwanza, akamnusa mkono, ndipo akampisha. Nilimpenda paka yule kama ndugu, na sioni haya kusema hivyo.

Kisha mtoto wa nyumba nyingine akashikwa na homa, na maneno yakaanza. Paka aliyehamishwa ndiye aliyeleta mkosi, walisema. Balozi wa nyumba kumi aliitisha kikao, na ikaamuliwa paka wale wauawe, ama mwenyewe aondoke nao kijijini. Kwa mjane yule, kuondoka kulimaanisha kupoteza shamba alilokwisha kulima na nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, na hakuwa na pa kurudi. Balozi alianzia kwangu, fimbo mkononi, maana alijua Haiwahusu yuko kwangu. Paka alisimama juu ya mkeka, kati ya fimbo na mtoto, mgongo ameupinda, manyoya yamesimama, na balozi aliponyoosha mkono akaparurwa mpaka damu. Jirani yangu alikuwa ameshafika mlangoni. Hakulia, hakupiga magoti.

"Muue, balozi," alisema. "Ila ukishamuua, leo usiku unakuja kulala wewe hapo anapolala yeye. Na kesho, na keshokutwa. Nyie mnaotaka paka waondoke, pangeni zamu ya kulinda watoto."

Balozi alikitazama kisigino cha mwanangu, kidonda kilikuwa hakijafunga. Akasema jambo hilo atalifikiria. Aliondoka akaisahau fimbo yake, nami nikaitia motoni kupikia maharage.

Kiangazi kilichofuata Haiwahusu alizaa, na watu wakaanza kuja mmoja mmoja kuomba watoto wa paka. Jirani yangu aliwapa bila kinyongo, kwa sharti moja: jina anatoa yeye, na halibadilishwi. Akisikia limebadilishwa, anakuja na tenga lake kumchukua paka wake. Balozi alikuja mwisho kabisa, akapewa dume lenye nguvu kuliko wote. Tangu hapo, kila jioni, mke wa balozi alisimama mlangoni akiita, "Nilikosea! Nilikosea, njoo ndani!"

Siku hizi watu wanapigana vijembe kwenye simu, na ukimuuliza mtu anaapa kwamba hakukulenga wewe. Marehemu alisimama uani kwake, kwa sauti yake mwenyewe, na aliyechomwa alijua pa kumpata. Halafu tunamsomea wasifu wa upole, kana kwamba ugumu wake ulikuwa aibu ya kufunikwa na udongo. Ugumu ule ndio uliolaza watoto wetu salama. Mwanangu ana wajukuu sasa, na kovu lake bado lipo.

Baada ya maziko ndugu walifunga nyumba. Paka wake wa mwisho alikuwa amekaa jikoni, kwenye majivu baridi, na nilipouliza anakwenda na nani, nikajibiwa kwamba paka ni wa nyumba, atabaki. Nikaomba tenga. Nilichojifunza kwa mama yule ni kwamba usikubali mtu mwingine akuchagulie cha kuacha nyuma. Jina la paka alilitoa mwenyewe, mwaka aliougua na watu wakaanza kugawana mashamba yake angali hai. Jioni hii nimesimama uani kwangu Kashaulili, nikaita kwa sauti yote niliyobakiwa nayo, "Bado Nipo! Bado Nipo!" na majirani wote wakageuka kunitazama.